Muulize Fundi: Programu Mbili Zisizoelewana

Barua za safari hii zimenifikia kwa mkupuo, na karibu zote zinazunguka jambo moja: programu mbili zilizonunuliwa nyakati tofauti, kwa watu tofauti, na sasa bosi anataka ziongee. Kazi hii nimeanza nayo enzi ambazo "kiunganishi cha mifumo" nilikuwa mimi mwenyewe. Naletewa karatasi zilizochapwa na mfumo wa kwanza, nakaa, nazipiga chapa upya kwenye mfumo wa pili. Kwa hiyo nikiwa mkali mahali fulani mnivumilie, ni vidole vinavyokumbuka.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mhasibu. Programu ya mauzo iko chumba cha pili, ya uhasibu iko kwangu. Kila jioni nachukua orodha ya ankara na kuziingiza moja moja. Sasa tunanunua programu mpya ya mauzo, na muuzaji anasema yake "inatoa XML", hivyo zitaungana zenyewe. Nimefurahi, ila nimeona haya kumuuliza: zitaungana vipi zenyewe?
*Mhasibu mwenye vidole vinavyouma*

Marahaba, dada. Hazitaungana zenyewe, na muuzaji huyo ama analijua hilo, ama ni mgeni kwenye biashara anayoifanya.

XML ni namna ya kuandika taarifa ili kila kipande kivae jina lake, yaani lebo. Ankara moja kutoka kwenye programu hiyo mpya inaweza kuwa hivi:

```
<ankara namba="4471">
  <tarehe>2024-03-09</tarehe>
  <mteja msimbo="M-208"/>
  <mstari>
    <bidhaa>B-17</bidhaa>
    <idadi>12</idadi>
  </mstari>
</ankara>
```

Huandiki programu, lakini umeisoma na umeielewa. Yale mafaili tuliyoyazoea, yanayotenganisha thamani kwa koma, yalitegemea nafasi: safu ya nne idadi, safu ya tano bei. Siku mtu wa mauzo akichomeka safu ya "simu ya mteja" katikati, idadi inageuka namba ya simu na leja yako inajaa mabilioni. Katika XML jina husafiri pamoja na kitu chake. Ukiongeza kingine pembeni, programu iliyoandikwa vizuri inakiruka tu na kuendelea na vile inavyovijua.

Kabla ya hapo kampuni kubwa zilibadilishana ankara kwa EDIFACT, kiwango cha miaka ya 1980 kilicho chini ya Umoja wa Mataifa, na bado kinatumika kwingi. Nimewahi kukaa na faili lake mchana kutwa. Kumi na mbili kwenye ankara inaandikwa `QTY+47:12'`, na ni juu yako kujua kwamba 47 ni "idadi iliyotozwa", maana 21 ni "idadi iliyoagizwa". Ni fupi, na ufupi ulikuwa na thamani yake, lakini macho yanachoka. W3C, shirika la viwango vya wavuti, walipopitisha XML tarehe 10 Februari 1998, mtoto mwepesi wa SGML, lugha ya kuweka lebo kwenye hati iliyokuwa kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, tangu 1986, wengi wetu tulishusha pumzi.

Sasa angalia uzuri huo unapoishia. Programu ya mauzo inasema "idadi". Yako huenda inasema "kiasi". XML haijui kwamba ni kitu kimoja. Haijui hata kwamba ankara ni kitu cha kulipwa. Lazima mtu aandike mkalimani wa kati, ama kwa XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML iliyokuwapo tangu 1999, ama kwa lugha yoyote ya programu anayoimudu. Na kabla mkalimani huyo hajaandikwa, kuna kazi ya karatasi, na kazi hiyo ni yako wewe, si ya fundi.

Chukua karatasi, uandike upande wa kushoto kila kipande kinachotoka mauzo, na kulia mahali kinapoingia kwako. Halafu anza kuuliza maswali ya kijinga. Punguzo likiachwa tupu, maana yake hakuna punguzo, au kuna mtu hajajaza? Msimbo wa mteja ukiwa haupo kwenye vitabu vyako, ankara isubiri, au mteja mpya afunguliwe? Kwenye kazi moja tulibishana siku nzima juu ya neno "tarehe". Mauzo walimaanisha siku ankara ilipoandikwa. Uhasibu walimaanisha siku bidhaa zilipotoka. Zote ziliitwa tarehe, zote ziliandikwa sawasawa, na ankara za siku ya mwisho ya mwezi zikawa zinaangukia kwenye mwezi usio wao. Hakuna programu ingeligundua hilo. Aligundua mhasibu, mwenzako, kwa sababu jumla ya mwezi ilikataa kukaa.

Kwa muuzaji, omba skima, yaani ile hati inayotaja lebo zote zinazoruhusiwa na aina ya thamani zinazobeba. Asipojua skima ni nini, mwambie aje na anayejua. Omba pia nakala ishirini za ankara halisi, si za maonyesho, na ndani yake ziwemo zilizofutwa na za bidhaa zilizorudishwa. Ankara za maonyesho siku zote ni nzuri, kama picha za harusi. Na kama hakuna upande uliokwisha kujichagulia majina, tumieni UBL, msamiati wa ankara na oda uliotungwa chini ya shirika la viwango la OASIS na ambao toleo lake la 2.1 lilifanywa kiwango cha ISO na IEC mwaka 2015. Yale mabishano ya "tarehe" wamekwisha kuyafanya wengine kwa niaba yenu: humo tarehe ya kutolewa ankara ina jina lake na tarehe ya kufikishwa bidhaa ina lake.

Fundi, natunza ghala. Tuliagiza katoni 12 kupitia mfumo, mfumo ukajibu "imekubaliwa", wakaleta vipande 12. Ndiyo, vipande. Fundi wa kwetu amechungulia akasema XML ni halali kabisa na hana kosa. Wa upande wa pili naye anasema hana kosa. Nani mwongo?
*Mtunza ghala*

Hakuna mwongo, ndugu yangu, na hapo ndipo uchungu wake ulipo.

Mkaguzi wa XML huangalia kwanza kama hati imeandikwa kwa kanuni: kila lebo iliyofunguliwa imefungwa, hakuna zilizopishana. Kama kuna skima, ataangalia pia kama kilichomo ndicho kilichoruhusiwa: `idadi` ipo, ni namba kamili, ni kubwa kuliko sifuri. Kumi na mbili inapita kote huko ikipiga mluzi. Kumi na mbili za nini, hilo hakuulizwa.

Tarehe 23 Septemba 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipofika Mars, kwa sababu ya jambo la ukoo huohuo. Programu moja ya huku duniani ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni-sekunde, na iliyozipokea ilizichukulia kuwa newtoni-sekunde. Tofauti ni karibu mara 4.45. Namba zilisafiri salama, zikafika salama, zikasomwa sawasawa. Chombo kikapita chini mno na hakikusikika tena. Wewe umekosa katoni tu, mshukuru Mungu.

Dawa yake ni ndogo kiasi cha kuudhi:

```
<idadi kipimo="katoni">12</idadi>
```

na ndani ya skima sifa hiyo ya `kipimo` iwekwe kuwa ya lazima, ili ujumbe usiokuwa nayo ugonge mwamba mlangoni, siyo ghalani. Bora zaidi, msitumie neno "katoni" la kujitungia. Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya ina orodha ya vipimo, Pendekezo namba 20, ambamo `KGM` ni kilo, `LTR` ni lita, na `C62` ni kitu kimoja kimoja. UBL hutumia misimbo hiyohiyo. Mara ya kwanza nilipoiona C62 nilidhani ni namba ya bidhaa. Sasa naipenda, kwa sababu hakuna anayeweza kudhani anaijua. Inamlazimu aiangalie kwenye orodha.

Kuna jambo lingine nyuma ya hilo ambalo halitakuuma leo. Katoni ina vipande vingapi, na nani ameandika wapi? Tuseme katoni ya bidhaa hiyo ni vipande 24 na kila mfumo umejiwekea 24 yake. Siku mtengenezaji akibadili iwe 20, mfumo mmoja utasasishwa na mwingine utasahaulika, na hapo hata kipimo kikiandikwa vizuri mtapishana kwa vipande vinne katika kila katoni. Hesabu hiyo iwe na mwenyewe mmoja, wengine wamuulize yeye. Na iwe na tarehe ya kuanza kutumika, la sivyo oda za mwaka jana nazo zitajihesabu upya zenyewe. Hilo nimelishuhudia: ripoti ya mwaka uliofungwa ikabadilika usiku bila mtu kuigusa.

Nikiwa hapohapo kwenye namba: waambie wakaguzi wenu watumie aina za thamani zilizomo kwenye skima za XML badala ya kuacha kila kitu kiwe maandishi tu. Aina iitwayo `xs:decimal` inakataa koma kabisa, ya maelfu na ya sehemu. Mtu akiandika 1,500 inarudishwa kwake. Wengine huona ni usumbufu. Mimi nimeona 1,500 ikisomwa kuwa moja na nusu, kwa hiyo usumbufu huo naununua bila kuomba punguzo. Tarehe nazo `xs:date` inazitaka zianze na mwaka, 2024-03-09, na ubishi wa kama hiyo ni Machi au Septemba unaisha hapo.

Kaka, naandika programu, mwaka wa pili kazini. Nimepewa kuunganisha mfumo wetu na wa mshirika anayetumia SOAP, yaani ujumbe wa XML ndani ya bahasha ya XML. Wenzangu wananicheka, wanasema XML ilishakufa, siku hizi ni JSON na REST. Nimshawishi bosi tukatae?
*Kijana wa msimbo*

Usikatae. Mshirika wako hatabomoa mfumo unaomlipa mshahara ili wewe usichekwe.

Hiyo "imekufa" nayo uipime. Chukua hati yoyote ya `.docx`, ibadilishe jina iwe `.zip`, ifungue: ndani utakuta mafaili ya XML. Upande wa benki, maagizo ya malipo ya kuvuka mipaka kwenye mtandao wa SWIFT yalianza kuhamia kwenye ujumbe wa ISO 20022 Machi 2023, na kipindi cha kuyatumia pamoja na ya zamani kilifungwa Novemba 2025. Ujumbe huo mpya ni XML. Maiti gani hiyo inayoanza kazi benki?

Ila wenzako wana nusu ya haki. Kwa huduma mpya, ndogo, inayoitwa na kurasa za wavuti au simu, ningechagua JSON, namna nyingine ya kuandika taarifa kwa majina, bila kufikiri mara mbili. Ni nyepesi na vivinjari vinaielewa papo hapo. Neno REST lenyewe wanalivuta tu. Roy Fielding alipolieleza kwenye tasnifu yake ya mwaka 2000 alikuwa anazungumzia namna ya kupanga mifumo: kila kitu kina anwani yake, seva haibebi kumbukumbu ya mazungumzo yenu, majibu yanaweza kuhifadhiwa njiani. Hakusema "tuma JSON". Huduma nyingi zinazojiita REST zingemshangaza.

Turudi kwenye SOAP yako. Ni bahasha ya XML: ndani kuna kichwa, hapo wanakaa walinzi na maelekezo ya njiani, na kuna mwili, hapo ndipo ilipo kazi. Toleo la 1.1 ni la Mei 2000, la 1.2 ni la Juni 2003, na zinatofautiana kwa anwani inayotambulisha bahasha. Moja inaishia `/soap/envelope/`, nyingine `/2003/05/soap-envelope`. Kwa macho ni urembo tu wa juu ya hati. Kwa seva ni lugha mbili, na ukikosea utajibiwa `VersionMismatch`. Nilipoteza nusu siku hapo nikikagua nywila. Angalia pia aina ya maudhui unayotangaza: 1.1 inataka `text/xml`, 1.2 inataka `application/soap+xml`.

Mwombe mshirika WSDL yake. Ni hati inayotaja kila huduma, inataka nini na inarudisha nini, na kwa lugha nyingi za programu kuna zana ya kuisoma na kukuzalishia msimbo wa kuita. Itumie. Zamani palikuwa na ndoto kubwa kuliko hiyo: UDDI, daftari la dunia nzima ambamo programu yako ingejitafutia huduma na kujiunga nayo bila binadamu kuongea na binadamu. IBM, Microsoft na SAP walifunga madaftari yao ya wazi mwanzoni mwa 2006. Watu waliendelea kupigiana simu, kama tulivyozoea.

Na nakuomba, nakuomba sana, usiandike XML kwa kugandisha maneno na alama ya kujumlisha. Najua unavyojaribiwa: `"<jina>" + jina + "</jina>"`, mistari mitano, kazi imekwisha. Niliifanya mimi. Ilikimbia miezi minane bila tatizo. Kila usiku faili moja lenye ankara zote za siku lilitumwa kwa mshirika. Usiku mmoja akasajiliwa mteja ambaye jina lake lina alama ya `&` katikati. Alama hiyo kwenye XML ina kazi yake, na ikitaka kuwa yenyewe lazima iandikwe `&amp;`. Kanuni za XML hazina huruma hapa: kisomaji kikikuta kosa la namna hiyo hakiruhusiwi kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Kikakataa faili zima. Jina la mteja mmoja likazuia ankara zaidi ya mia tatu za watu wasiohusika. Nikaamshwa, nikatazama faili mpaka alfajiri nikitafuta kosa kubwa, maana nilidhani hasara kubwa lazima iwe na sababu kubwa. Tumia maktaba ya kuandikia XML iliyomo kwenye lugha yako; itayabadilisha hayo yote yenyewe, `<` iwe `&lt;` na kadhalika, bila wewe kukumbuka.

Maktaba hiyo itakuokoa pia na herufi. Ukiona jina lenye `é` limefika likisomeka `Ã©`, ujue mtu amechukua UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote, akaisoma kama jedwali la herufi la zamani. Kila kisomaji cha XML kinalazimika kuielewa UTF-8, kwa hiyo usikubali kingine, hata wakikubembeleza.

Mtandao ukisuasua, oda moja inaingia kwa mwenzetu mara mbili, mara tatu. Nimeshauriwa niongeze muda wa kusubiri jibu kutoka sekunde 10 hadi 60. Inatosha?
*Msimamizi wa mifumo*

Haitoshi. Utapata zile zile tatu, ila polepole.

Hebu tuiangalie usiku mmoja ilivyokuwa kwangu. Saa nane na dakika kumi na nne usiku mfumo wetu umetuma oda. Sekunde kumi kimya. Umetuma tena. Kimya. Umetuma ya tatu, ukajibiwa "imepokelewa", ukaandika kwenye logi: oda moja, imefaulu. Asubuhi nikaomba logi ya upande wa pili. Oda ya kwanza ilikuwa imefika sekunde ileile, ikafanyiwa kazi, ikajibiwa. Jibu ndilo lililopotelea njiani. Ya pili vilevile. Kwao zilikuwa oda tatu za mteja mmoja mwenye shauku.

Kimya kina maana tatu, na aliyetuma hana namna ya kuzitofautisha: ombi halikufika, limefika na bado linafanyiwa kazi, limekwisha na jibu limepotea. Muda wa kusubiri unapunguza ile ya katikati tu.

Kinachotakiwa ni kila ombi kuwa na namba yake, inayotungwa na mtumaji na kuhifadhiwa kwake *kabla* ya kutuma. Mpokeaji anaiandika namba hiyo pamoja na oda, katika muamala mmoja wa hifadhidata, na safu hiyo imekatazwa kurudiarudia. Ombi lenye namba aliyokwisha kuiona halimfanyi aanze kazi upya. Anarudisha jibu lilelile la kwanza, kama karani anayekuonyesha stakabadhi yako ya jana. Hapo unaweza kurudia mara mia bila hofu. Itifaki ya HTTP yenyewe, ile inayobeba maombi ya wavuti, inalitambua jambo hili: amri zake za GET (soma), PUT (weka) na DELETE (futa) zimeelezwa kwamba kuzirudia kusilete athari mpya, lakini POST (tuma) haina ahadi hiyo, na oda nyingi huenda kwa POST.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa walioelewa nusu: namba inatungwa ndani ya kitanzi cha kurudia. Kila jaribio linapata namba mpya, na mpokeaji kwa haki kabisa anaziona ni oda mpya. Ukikagua msimbo wenu, anzia hapo.

Kingine, msirudie kila sekunde kumi milele. Ongezeni mwanya kila mara, kumi, ishirini, arobaini, la sivyo seva ya mwenzenu ikiinuka kutoka kitandani mtaiangusha tena wenyewe. Baada ya majaribio kadhaa ombi liwekwe kwenye kapu la viporo, na awepo mtu mwenye jina anayelifungua kapu hilo kila asubuhi. Nimeona makapu yasiyofunguliwa tangu yalipotengenezwa.

Tuna mifumo sita. Mshauri anatuambia tukiunganisha kila mmoja na mwenzake tutakuwa na viungo 15, hivyo tununue mtambo mkubwa wa kati. Kweli?
*Meneja*

Hesabu yake ni sahihi: sita mara tano gawanya kwa mbili. Kumi wangekuwa 45. Lakini nani kasema kila mmoja anataka kuongea na kila mwenzake? Chora mifumo yenu sita ubaoni na uweke mshale pale tu ambapo leo kuna mtu anabeba taarifa kwa mkono au kwa barua pepe. Nikitoka na mishale mitano au sita huwa sishangai. Kwa mitano, huduma chache zilizoandikwa vizuri na msamiati mmoja wa pamoja zinatosha. Ikifika kumi na mbili, mwite mshauri wako.

Tunapokea XML kutoka kwa watu wa nje. Kuna hatari gani hasa?
*Mlinzi wa mlango*

Iko ile inayoitwa kicheko cha bilioni. Hati ya XML inaweza kutangaza kifupisho, na kifupisho kikaita vingine kumi, na kila kimoja kikaita kumi tena. Faili la chini ya kilobaiti moja, neno la herufi tatu, ngazi chache za kuitana, na kisomaji kinajikuta kinatandaza neno hilo mara bilioni moja kwenye kumbukumbu mpaka seva inalala. Dada yake ni mbaya zaidi: kifupisho kinachoelekeza kwenye faili lililo ndani ya seva yako, nawe ukalisoma na kumrudishia mgeni kwenye jibu.

Zote mbili zinapitia sehemu moja, tangazo la DTD mwanzoni mwa hati, ambamo vifupisho hivyo hutangazwa. Lizime kwenye kisomaji chako. Kama mnatumia SOAP hampotezi chochote, kwa sababu kanuni zake zinakataza DTD ndani ya ujumbe. Usiseme "kisomaji chetu ni kipya, kimeshazima". Tengeneza faili la majaribio, litume kwenye seva ya majaribio, uone kwa macho yako likikataliwa.

Fundi, ni mimi tena, mhasibu. Nimesahau kuuliza: siku wakishaunganisha, niache kuingiza kwa mkono siku hiyohiyo?

Hapana, dada, na pole kwa vidole. Endelea mpaka ufunge mwezi mmoja kamili, sambamba na mfumo. Ingiza kwenye nakala ya majaribio ukiweza. Mwisho wa mwezi ndipo zinapojitokeza ankara zilizofutwa, zilizorudishwa, na ile moja iliyoandikwa dakika mbili kabla ya saa sita usiku.

Kila asubuhi chukua vitu viwili kutoka kila upande: idadi ya ankara za jana, na jumla yake. Siku za mwanzo zitapishana. Usimruhusu mtu "kurekebisha" jumla. Tafuta ni ankara ipi, ifungue pande zote mbili, uzisome mstari kwa mstari, na ujibu kosa lile liko kwenye karatasi yako ya kushoto na kulia au kwenye msimbo wa fundi. Karatasi ikibadilika, andika tarehe pembeni na jina la aliyekubali. Mimi hapo huwa natarajia makosa matatu au manne ya karatasi kwa kila moja la msimbo, kwa hiyo usimwendee fundi umekunja uso.

Ukipata siku kumi mfululizo zinazolingana hadi tarakimu ya mwisho, na mwezi ukafungika, niandikie. Nitataka kujua "tarehe" ya kwenu ilikuwa ipi.